Pakiti Mia Sita za Florentine

Sehemu ya Saba

Msomaji, kama unakula, weka sahani pembeni kwanza.

Wiki iliyopita tulimwacha Bwana Ndikuriyo, mfanyabiashara wa Bujumbura mwenye maduka mpaka Ubelgiji, amesimama mbele ya wageni katika ukumbi wa mradi hapa Baraka, upande wa Kongo wa ziwa. Vidole vyake viwili vilikuwa ndani ya pakiti ya samaki wakavu, ndakala, na uso ulikuwa umemgeuka.

Sasa alivitoa vile vidole. Juu ya kimoja alikuwapo funza. Mweupe, mnene, mzima kabisa, anatafuta njia.

"Hii ni kitu gani?" Ndikuriyo aliuliza.

Nani angemjibu? Kila mtu alikuwa na lake mdomoni. Sahani za kuonja zilikwisha kupita mstari mzima, na watu walikwisha kutafuna na kusifu. Mchungaji aliyekibariki chakula dakika kumi nyuma alikitema ndani ya leso. Yule mama wa Ulaya, mjumbe wa wafadhili, alifungua mkoba wake mzuri akatapika ndani yake, akaufunga tena kwa adabu.

Mimi ninayewasimulia nimeshaona mengi, lakini siku ile nilisikia kinyaa.

Na ile pakiti, kwa wale mnaotufikia leo, ilikuwa na picha. Mama mmoja wa Baraka, kitambaa kichwani, anacheka meno yote nje. Chini yake maandishi: Ndakala za Mama Florentine, Ladha ya Ziwa. Florentine mwenyewe alikuwa pale pale, mita tatu kutoka kwa Ndikuriyo, na hakuwa anacheka.

Huyu Florentine anakausha ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tangu alipokuwa binti. Hawaaniki mchangani kama wengine. Anawaanika juu ya nyavu zilizoinuliwa kwa miti, anawageuza kwa mkono, anafukuza nzi kwa tawi. Miaka miwili nyuma ulikuja mradi unaoitwa Kuvuka Mpaka, wa kuwasaidia wafanyabiashara wadogo wauze nchi za nje. Ukampiga picha, ukamkabidhi wamama thelathini na wawili awaongoze, ukamtafutia mnunuzi.

Siku hii ndiyo iliyokuwa siku ya mnunuzi. Pakiti mia sita. Ndikuriyo akizichukua, atakuwa anachukua kila mwezi. Akizikataa, sura ya Florentine itajulikana kutoka Uvira mpaka Ubelgiji kama sura ya uchafu, na hakuna mama hata mmoja wa Baraka atakayeuza tena ng'ambo.

Mratibu wa mradi alidaka kipaza sauti. Roger anaitwa, kijana wa Bukavu, viatu vyake havijawahi kukanyaga mchanga wa ziwa.

"Mesdames et messieurs, tutulie! Hii ni kosa ya kibinadamu. Mradi ilifundisha usafi. Foto ziko!"

"Foto mimi siuzi," alisema Ndikuriyo. "Nilikuja kununua samaki."

Roger alimshika Florentine mkono, akamvuta mpaka ofisini, akafunga mlango. Feni ilikuwa inapiga karatasi mezani. Alichomoa moja, akaweka kalamu juu yake.

"Mama Florentine, usilie. Haiko mwisho ya dunia. Ku rapport kuko fasi ya leçons apprises, mafunzo yenye tulipata. Tunaandika pale kosa moja, mutu mumoja. Ule mutu tunamufukuza, mradi inaendelea. Bafadhili banapendaka sana leçon."

"Mutu gani?"

"Renilde."

Florentine alimtazama kama hakusikia vizuri.

"Renilde njo anafungaka bapakiti na mashine," Roger aliendelea, sauti tamu. "Tena ni mukimbizi. Hana mutu hapa wa kumusemea. Kesho ata kambini hawatauliza."

Mmesikia wenyewe. Hana mtu wa kumsemea! Mtu anasoma mpaka chuo kikuu, anavaa shati la mikono mirefu, kisha anatafuta wa kumtupia uchafu kwa kupima nani hana ndugu.

Renilde ni mama wa Burundi, mkulima, alifika Fizi na watoto watatu na sufuria moja. Kutoka kambini anakuja kwa miguu kila asubuhi, anakaa mbele ya mashine ya kufunga pakiti, hasemi sana. Florentine ndiye aliyemwingiza kikundini wakati wengine wananong'ona.

"Renilde hagusake samaki," Florentine alisema. "Anafunga tu."

"Basi, acha. Usiandike. Lakini Ndikuriyo anangoja, na kama hakuna jina ya mutu, kosa inabakia ku sura. Na sura iko ya nani?"

Florentine alichukua kalamu.

Ndiyo, aliichukua. Sitamfunika mtu hapa kwa sababu mnampenda. Aliwaza wamama thelathini na wawili, akawaza meno yake mwenyewe yanayocheka kwenye pakiti, akainama. Aliandika Re. Aliponisimulia, nilimchukia kwa zile herufi mbili, na yeye alijichukia kuliko mimi.

Feni ikapeperusha karatasi. Florentine akachukua pakiti iliyokuwa mezani, moja ya zile za wageni, aikandamize nayo.

Mkono ukasita. Aliipandisha kidogo, akaishusha. Akaipandisha tena.

"Mama, andika!" Roger alisema.

Florentine alikata zile herufi mbili kwa mstari mmoja mrefu, akafungua mlango, akarudi ukumbini na pakiti mkononi.

"Mulete balance!" alipiga kelele. "Ile ya kupima samaki, mulete hapa, mbele ya bageni!"

Mizani ikaletwa. Florentine akaweka pakiti juu. Gramu mia mbili, sawa na ilivyoandikwa. Akachota nyingine kutoka katoni ile ile. Mia mbili. Ya tatu, mia mbili.

"Sasa?" Ndikuriyo aliuliza. "Si ndiyo inavyotakiwa?"

"Bwana Ndikuriyo, nitasema kitu, na Monsieur Roger atanikasirikia." Florentine aliweka kiganja juu ya pakiti. "Miye, tangu nizaliwe, siyauzishake gramme mia mbili."

"Unasema nini?"

"Naongezaka."

Roger alishika kichwa.

Hapa inabidi niwaeleze ninyi msioishi huku. Sokoni Baraka ukinunua kopo la ndakala, muuzaji analijaza, halafu anaongeza kiganja kimoja juu. Ile inaitwa matabishi. Anayejaza kopo sawasawa na kuishia hapo, watu watamsema mpaka kwenye mazishi yake. Mradi uliwafundisha wamama kwamba biashara ya kimataifa haina matabishi, uzito ni ule ulioandikwa. Semina tatu! Wamama wakaitika, wakapiga makofi, wakanywa soda.

"Ulisema uliacha!" Roger alifoka. "Uliapa!"

"Nilidanganya," alisema Florentine. "Muzigo inavuka ziwa, inaenda kwa mutu hatujuane. Mutu wa mbali vile, unamupimia sawasawa kama uko na ugomvi naye? Niliona haya. Nikaweka kiganja."

Kisha mama mmoja nyuma akainua mkono kama yuko shuleni.

"Na miye naongezaka."

"Na miye," alisema jirani yake. "Kidogo tu."

"Weye kidogo? Weye unashindiliaka mpaka mashine inakataa kufunga!"

Mwisho wake thelathini na wawili wote walikiri. Mmoja alikiri hata kiganja cha pili. Roger alikuwa anageuka rangi, na mimi, katikati ya kinyaa changu, nilicheka mpaka machozi.

Ndikuriyo hakucheka. Alikuwa anafikiri.

"Zile mlizonitumia za kujaribu, miezi mitatu imepita," alisema polepole. "Muuzaji wangu alinipigia simu, anasema mizani ya duka imeharibika, inazidisha. Nilinunua mizani mpya."

"Haikuharibika, papa," alisema Florentine. "Fungua katoni zote. Pima."

Vijana wa Ndikuriyo wakaanza kazi. Katoni za mbele, gramu mia mbili, mia mbili, mia mbili. Katoni za ukutani, mia mbili thelathini, mia mbili thelathini na tano, moja mpaka mia mbili na hamsini. Ndikuriyo akapasua nzito. Ndakala wakamwagika wamekauka vizuri, wanang'aa, harufu safi ya ziwa. Akapasua nyepesi.

Naomba mnivumilie. Ilikuwa mchanga. Ilikuwa vichwa bila miili na miili bila vichwa, unga mweusi, kinyesi cha kuku kilichokauka, na katikati ya yote unyoya. Funza walikuwa wanauzunguka.

Florentine alichukua ule unyoya kwa ncha za vidole.

"Hii haiko ya batu," alisema. "Hii ni yenye banafagiaka chini, banapelekea kuku."

Yule mama wa Ulaya aliomba atafsiriwe. Akatafsiriwa. Akaufungua mkoba wake mara ya pili.

"Nzito ni mia mbili na arobaini," alihesabu Ndikuriyo. "Nyepesi mia tatu na sitini. Mama Florentine, wewe ulileta ngapi?"

"Hizo nzito tu. Nilimwambia Monsieur Roger mbele ya bote: mwezi iko mukubwa, bavuvi habashuke ku maji, ndakala haiko. Ungoje giza. Akasema haiwezekani, bafadhili bashakata ticket ya ndege."

Hata mtoto wa Baraka anajua hili. Ndakala huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka, taa haina kazi, wavuvi wanalala majumbani wiki nzima. Lakini kalenda ya mradi ilichapwa Ulaya, ya rangi, na mwezi hawakuuweka. Waliweka tarehe ya ziara tu. Watu wanataka kusaidia biashara ya ziwa na hawajawahi kumuuliza mvuvi analala siku gani!

"Basi hizi mia tatu na sitini nani alizifunga?" Ndikuriyo aliuliza.

"Ule mukimbizi!" sauti ilitoka nyuma. "Njo iko na mashine!"

Haikuchukua hata pumzi moja. Watu waliokuwa wanacheka matabishi wakageuka wote upande wa Renilde. Mkono ukamvuta kitenge. Mwingine ukampiga begani. Wamama wale wale, wenzake wa kila siku! Hilo nalo lilinichefua kama funza, na sioni haya kuandika.

Florentine aliingia katikati, akamweka Renilde nyuma yake.

"Mumuache! Renilde, sema. Nani alikutuma ufunge hizi?"

"Sikuzifunga mimi," alisema Renilde. "Siku mbili, Jumatano na Alhamisi, niliambiwa nisije. Eti mashine imekufa."

"Nani alikuambia?"

Renilde aliinamisha kichwa. Ni mtu wa heshima, na aliyetakiwa kumtaja ni mtu mzima. Kisha aliinua kidevu, akaonyesha mstari wa mbele.

"Mama Présidente," alisema.

Pale mbele alikaa Constance, rais wa chama cha wamama wa mradi, kitenge kipya cha nembo, kiti chenye mto. Anashika ufunguo wa stoo. Ana kuku mia na hamsini nyuma ya nyumba, waliotolewa na mradi huu huu mwaka wa kwanza. Na sahani yake ya kuonja ilikuwa bado imejaa, hajagusa hata mkia.

Constance ni mama mdogo wa Florentine. Mama yake Florentine alipofariki, Constance alimchukua mtoto akiwa hajaota meno, akamlea na wake, na ndiye aliyemfundisha kuanika ndakala juu ya nyavu.

"Mama mudogo," Florentine alisema. Akarudia. "Mama mudogo, sema hapana."

Constance aliupapasa mto wa kiti.

"Njo miye nilizifunga."

Ukumbi ulilipuka. Constance akainua sauti juu ya kelele.

"Roger alikuja kwangu! Akasema kama haifike mia sita, bafadhili banafunga mradi, nyote munarudia ku mchanga. Akasema tujaze yenye iko, kisha giza ikifika tutabadirisha, kabla ya muzigo kupanda ku bwato. Akasema bazungu habakulake, banapigaka foto tu!"

"Mensonge!" Roger alipiga meza. "Uongo mutupu!"

"Nani alishika taa nikiwa nafunga? Si weye? Si ulifunga pua na mouchoir?"

Roger akaisukuma leso yake ndani zaidi ya mfuko. Yule mama wa wafadhili alimtazama muda mrefu, na hakuhitaji tafsiri.

Ndikuriyo akaifuta mikono yake, kidole kwa kidole, akamsogelea Florentine.

"Mama, mimi nakuamini. Hizi zako nazichukua leo, na mwezi ujao nakungoja, na mwezi ukiwa mkubwa utaniambia. Lakini watu wamekula uchafu na sura yako iko juu. Nataka karatasi. Uandike kwa mkono wako nani alifanya, usaini. Nikiulizwa kule, nionyeshe. Bila hiyo, sura yako siwezi kuiweka dukani kwangu."

Karatasi ile ile ikaletwa kutoka ofisini, na zile herufi mbili zilizokatwa juu yake. Florentine akaishika kalamu mara ya pili siku hiyo.

"Mutoto yangu," alisema Constance, na sasa sauti ilikuwa ndogo. "Unataka kuniandika? Miye?"

Florentine alilia. Alilia wazi, mbele ya wageni, makamasi na yote. Akaandika Roger. Machozi yakaangukia lile jina, akalifuta na kiganja, akaliandika upya. Kisha akaandika Constance. Jina refu, na hakuruka hata herufi.

"Hauna haya!" Constance alisema. "Nilikubeba mugongoni!"

"Ulinibeba, mama mudogo. Na ulinifundisha kuanika juu. Kwa nini uliwafungia batu chakula ya kuku?"

Ndikuriyo akakunja karatasi, akaiweka mfukoni. Alikuwa mtu wa biashara, anataka kufunga kila tundu kabla hajaondoka.

"Na pakiti tupu zilizobaki nizichukue, zichomwe. Sitaki mtu ajaze tena. Ziko ngapi?"

"Mia mbili," alisema Renilde. Ndiye anayezihesabu. "Zilikuja mia nane, na zilizojazwa ni mia sita. Tupu niliziacha ndani ya katoni, pembeni ya mashine."

Akaingia stoo. Akatoka na katoni, akaigeuza juu chini mbele ya watu. Hakuna kilichoanguka.

"Ziko wapi?" Ndikuriyo aliuliza.

Roger alikuwa anasogea mlangoni, hatua ndogo ndogo, kama mtu anayetafuta hewa. Wamama wawili wakakaa mbele ya mlango. Florentine akamgeukia Constance.

"Mama mudogo. Zile mia mbili."

Constance alikuwa ameuachia mto wa kiti. Lile joto lote la kujibizana lilikuwa limemwisha, na alionekana mzee.

"Nazo tulizijaza," alisema. "Zilizidi. Roger akasema tusitupe. Akasema leo ni siku kuu ya mradi, tutoe zawadi fasi moja, tupige foto."

"Fasi gani?"

"Zilienda leo asubuyi mapema."

"Mama mudogo, fasi gani?"

"Ku kantini ya batoto," alisema Constance. "Kambini."

Florentine alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa nane na robo. Kantini ya kambi hugawa chakula saa sita.

Aligeuka taratibu. Renilde alikuwa bado ameshika ile katoni tupu, ameikumbatia kifuani. Macho yake yalikuwa kwa Florentine, na alianza kusema polepole, kama anamweleza jambo ambalo Florentine hajalijua.

"Niliona katoni inashushwa kantini asubuhi, nikitoka kambini. Watoto wangu waliogopa, walisema harufu si nzuri. Nikawaonyesha picha yako. Nikawaambia, huyu ni Florentine. Mkipewa, kuleni zote."